Uwanja mkubwa wa ndege, masaa kibao ya kusubiri: nyie mnakulaga wapi?

Siti ya Katikati
Wakuu habari za muda huu. Nina safari mbili mwezi ujao, moja naanzia kwenye uwanja mkubwa kabisa wa zile teminali nne tano, ya pili napita transiti, kusubiri ndege ya kuunganisha, masaa sita. Mara ya mwisho kupita sehemu kama hizo nilikaa na njaa mpaka kichwa kikagonga, sio kwamba hela sikuwa nayo, ni kwamba kila nikisimama mbele ya mgahawa naona huu bei imechangamka, ule foleni, ule pale nikikaa sijui kama nitasikia wakiita ndege, mwisho nikanunua biskuti na maji nikaenda kukaa getini kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Naombeni wazoefu mnisaidie. Majina ya migahawa sitaki maana yanabadilika kila siku, nataka kujua MNAAMUAJE. Mnakula kabla ya ukaguzi au baada? Karibu na geti au mbali? Mnabeba cha kwenu? Tiririkeni.

Kilo 23
Nimekaa siti ya mbele kabisa, leteni maarifa. Biskuti na maji masaa sita mkuu ulikuwa unafunga au?

Geti la Mwisho
Mleta uzi mimi kazi yangu inanirusha karibu kila mwezi na makosa yote nimeshayafanya kwahiyo sikiliza. Maliza kila kitu kinachoweza kukuchelewesha NDIO ule. Mizigo, ukaguzi, pasipoti, na kama kuna treni au basi la kukupeleka jengo lingine, panda kabisa ukale huko huko. Sababu ni kwamba ukishavuka hivyo vyote unaujua muda uliobaki nao, ukiwa bado nje huujui. Foleni ya ukaguzi inaweza kuwa dakika kumi na inaweza kuwa saa nzima na hakuna wa kukuambia. Mtu anakaa nje anakula taratibu anajisifia ana masaa mawili, kumbe ana masaa mawili kutoa foleni ambayo hajaiona.

La pili, ile saa ya ndege kuruka sio saa yako. Saa yako ni ya geti kufungwa. Mashirika mengi yanafunga dakika 15 mpaka 20 kabla ya kuruka na mengine mapema zaidi, na zile ndege kubwa za safari ndefu wanaanza kupakia watu dakika 45 au hata saa nzima kabla. Mimi nahesabu kinyumenyume. Ndege inaruka 22:10, geti linafungwa 21:50, nataka niwe nimefika pale 21:25, kutembea kutoka mezani mpaka getini robo saa, basi 21:10 niwe nimeshalipa na begi liko begani. Ukishapata hiyo namba ya mwisho unaangalia sasa hivi ni saa ngapi, tofauti yake ndio inakuchagulia mgahawa, wala sio menyu. Chini ya dakika 40 usikae mahali pa kuhudumiwa, nunua kitu cha kushika mkononi. Saa nzima kwenda juu kaa, agiza, furahi.

Bibi Foleni
Hapo kwenye saa naomba niongeze kitu maana sisi wa Kiswahili ndio tunaumia. 21:10 ni saa tatu na dakika kumi usiku, mtu akiwa na haraka anasoma "ishirini na moja" kichwani inagoma, au anaona 07:30 anasema saa saba na nusu mchana. Msicheke, nimeyaona. Na mbaya kuliko zote ni ndege za 00:40. Tiketi imeandikwa tarehe 14 saa 00:40, hiyo unatakiwa kuwa uwanjani tarehe 13 jioni. Shemeji yangu alikwenda tarehe 14 usiku, kavaa suti, kabeba na maua, ndege ilishaondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Yaani huyo hata suala la kula wapi halikumfikia.

Kilo 23
Maua walimrudishia hela? 😂

Mchumi Mkoba
Geti la Mwisho nakupinga kidogo mkuu. Ukishavuka ukaguzi umeshakuwa mateka, wanajua huna pa kwenda ndio maana chupa ya maji inauzwa kama dawa. Mimi nakula NJE na sijawahi kuikosa ndege hata moja. Wanachokosea watu ni kula pale ukumbi wa kuondokea, panang'aa taa tupu. Shuka chini ukumbi wa kuwasili, hapo ndio wanakula madereva, wanaopokea wageni, wafanyakazi wanaobadilishana zamu, bei inakuwa na adabu kidogo. Kama uwanja umekaa juu ya stesheni ya treni basi umepata bahati maana stesheni huwa na supamaketi ya watu wa kawaida, Schiphol pale Amsterdam iko hivyo, kabla ya ukaguzi kuna supamaketi kabisa unanunua mkate na matunda kama upo mtaani. Zurich nao wana supamaketi hapo hapo uwanjani. Na uwanja wa Changi, Singapore, kuna kantini za wafanyakazi ambazo hata abiria anaruhusiwa kuingia, sema lazima uulize maana zimejificha upande wa maegesho ya magari, hutazikuta kwa kutembea tu ukishangaa.

Nikishanunua nabeba navuka navyo ukaguzi. Hakuna anayekukataza kupita na mkate.

Mama Chupa
Mkate sawa, ila angalieni kilichomo ndani ya mkate. Sheria ya vimiminika ilianza 2006, baada ya Uingereza kuzima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji mwezi Agosti, na viwanja vingi mpaka leo ni chombo kisichozidi mililita 100 na vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki wa lita moja. Na kwa wakaguzi "kimiminika" sio maji tu. Mtindi, supu, jamu, asali, siagi ya karanga, jibini laini, mchuzi, vyote vinahesabiwa. Mimi nilibeba wali na mchuzi kwenye kontena safi kabisa, wali ukapita mchuzi ukabaki. Nikala wali mkavu kama adhabu.

Chakula cha mtoto mchanga na maziwa yake wanaruhusu zaidi ya hapo ila uwatamkie mapema kabla begi halijaingia kwenye mashine, usisubiri wakikute. Na chupa tupu inapita bila shida, ndani kuna mabomba ya maji ya kunywa, jazeni hapo muachane na hizo chupa za bei ya dawa.

Viwanja vingine sasa vimefunga skana mpya, Edinburgh ya Scotland kwa mfano tangu 2025 unapita na chombo cha mpaka lita mbili. Lakini ndio mtego wenyewe huo, unapita nacho kiwanja cha kwanza kwa raha, unafika transiti wana mashine za zamani wanakinyang'anya.

Geti la Mwisho
Mchumi Mkoba sijasema huwezi kula nje, nasema wewe unaujua uwanja wako na mleta uzi haujui. Ukiwa mwenyeji kula hata kwenye maegesho. Mgeni avuke kwanza.

Mchumi Mkoba
Haya mkuu, ila transiti ya masaa sita anayoisema atakuwa tayari yuko ndani, hiyo kanuni yako ya kuvuka kwanza inamsaidia safari moja tu.

Kobe Mwendapole
Jamani acheni niwape kisa changu maana Geti la Mwisho anaongea kwa upole sana. Uwanja siutaji, mgahawa siutaji. Nilifika mapema mno, masaa manne, nikavuka kila kitu, nikasema leo nala kama mtu. Nikaona mgahawa mzuri juu ghorofani una vioo unaona ndege zinaruka, nikakaa, nikaagiza kitu cha kuchomwa. Nikasubiri dakika ishirini. Thelathini. Nikamuuliza mhudumu akasema kinakuja kinakuja. Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, nikishaagiza siwezi kuondoka, naona kama nitakuwa nimeshindwa. Kikaja baada ya dakika hamsini hivi, kitamu kweli sikatai, nikawa nakula huku naangalia saa najiambia bado dakika arobaini ndege iruke, niko sawa.

Nikalipa, nayo ikachukua muda wake maana mashine ilikataa kadi mara ya kwanza. Nikashuka nafuata vibao vya geti. Kibao kimoja kimeandikwa dakika 15. Nikadhani ni utani wa kutisha watu. Nafuata, nafuata, kumbe geti langu liko jengo lingine kabisa, unashuka ngazi za umeme tatu, unasubiri treni, treni inakuja inakupeleka, unapanda tena ngazi tatu. Nimo ndani ya treni nasikia jina langu linatamkwa kwenye spika, limetamkwa vibaya lakini ni langu, ukisikia jina lako uwanjani sio heshima. Nilipofika yule dada wa geti akaniangalia kwa huruma ile ya msibani, kafunga, na begi langu la chini walikuwa wanalishusha maana abiria asipopanda mzigo wake hauachwi ndani ya ndege. Kwahiyo niliwachelewesha na watu mia tatu wasionijua wakawa wananisonya. Tiketi mpya ilikuwa ghali kuliko chakula cha mwaka mzima.

Kosa langu halikuwa kukaa mgahawani, kosa ni kwamba nilikaa kabla sijajua geti liko wapi.

Kilo 23
"Huruma ya msibani" nimekufa mimi. Pole sana mkuu. Ila kusema kweli kile chakula ulimaliza au uliacha?

Kobe Mwendapole
Nilimaliza.

Mtu wa Transiti
Kisa kizuri ila msitoke hapa na kanuni ya "nenda getini kwanza" mkaiweka kichwani kama msahafu, kuna viwanja itawaumiza. Changi, teminali 1 mpaka 3, mashine za ukaguzi ziko pale pale mlangoni mwa geti, sio kule mbele. Ukienda mapema ukaingia unakaa kwenye chumba cha vioo hakuna hata duka, na ile chupa ya maji uliyojaza inamwagwa hapo hapo mlangoni. Kwahiyo pale unatembea unaliona geti kwa nje, unapima dakika ulizotumia, unarudi kula kule katikati, unamaliza na maji yako yote ndio unaingia. Na lile jengo lao la maporomoko ya maji, Jewel, limefunguliwa 2019, watu wa transiti wanaliona kwenye picha wanadhani liko ndani. Liko nje ya pasipoti. Ukilitaka unaingia nchini kabisa na unatoka tena.

Ulaya nako kuna la kwao. Kama unakwenda nje ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, kuna ukaguzi wa pasipoti katikati ya jengo, upande wa pili mara nyingi migahawa ni michache kuliko ulikotoka, na ukishapita hapo hurudi kirahisi. Hapo angalia kwanza pande zote mbili zina nini kwenye ramani ya uwanja, ipo kwenye apu yao au kwenye zile skrini kubwa za kugusa, ndio uamue ule kabla au baada ya pasipoti.

Siti ya Katikati
Aisee haya mambo hayaandikwi popote. Sasa swali, kama geti lenyewe halijatajwa je? Maana nakumbuka skrini ilikuwa inasema tu subiri.

Mtu wa Transiti
Swali zuri. Heathrow ya London, teminali 5, ndio zao, geti linatokea kama saa moja hivi kabla ya kuruka au pungufu, na linaweza kuwa A jengo kuu, au B au C ambako unashuka kupanda treni ya chini. Migahawa mingi iko A. Kwahiyo pale usikimbilie B kwa kubahatisha, kula A, kaa unapoiona skrini, na LIPA unapoletewa chakula usisubiri umalize. Hili la kulipa mapema wengi hawalifanyi na ndilo linaokoa. Geti likitajwa unanyanyuka tu hata kama kijiko kiko mdomoni.

Kinyume chake ni Atlanta kule Marekani, ule uwanja ambao karibu kila mwaka unaongoza duniani kwa idadi ya abiria. Una mabanda yanakwenda T, A, B, C, D, E, F, yote yameunganishwa na treni ya chini inayopita kila baada ya dakika chache na yote yako ndani ya ukaguzi mmoja, kwahiyo hata kama ndege yako iko D unaweza kwenda kula B ukarudi hakuna wa kukuuliza. Uwanja wa namna hiyo foleni ikikushinda hapa unapanda treni unakwenda banda lisilo na watu. Watu wanabanana kwenye mgahawa ulio mbele ya geti lao kama vile wamefungwa kamba.

Dada wa Sambusa
Mimi nina kanuni moja tu, ukitoka kwenye maduka ya diuti frii usile mahali pa kwanza unapopaona. Pale ndio kila mtu anatua akiwa na njaa na hasira za ukaguzi. Tembea dakika tano zaidi au angalia kama kuna ghorofa juu, wenye uvivu wa kupanda ngazi ni wengi kwahiyo juu kunakuwa na meza. Na mahali penye foleni inayotembea ni bora kuliko mahali patupu, chakula kinaisha kinapikwa kingine, sio kile kilichokaa chini ya taa tangu asubuhi kinatoa jasho.

Nesi wa Zamu
Naunga mkono hilo la foleni inayotembea. Kama huna uhakika chukua kitu kinachotoka jikoni kikiwa moto mbele yako, au kilichofungwa chenye tarehe na kimekaa kwenye friji yenye baridi kweli, gusa uone. Saladi zilizofunuliwa na vitu vya mayonezi ambavyo havina baridi achaneni navyo, tumbo likichafuka ukiwa chini ni shida, likichafuka ukiwa juu siti ya dirishani na wawili wamelala pembeni yako ni shida nyingine kabisa.

Wenye sukari na wanaokunywa dawa kwa saa msitegemee mgahawa wala ndege. Ndege inaweza kukaa chini masaa mawili milango imefungwa na hawagawi chakula. Kuwa na kitu chako kikavu begi la mkononi, dawa nazo mkononi, zisiende chini na mizigo.

Rubani wa Kochi
Mmezungumzia wapi, mimi niongeze nini. Ndani ya ndege presha sio kama ya huku chini, kabini inawekwa kama vile umekaa mlimani, inaruhusiwa mpaka sawa na mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, zile Boeing 787 na Airbus A350 ni kama mita 1,800. Sasa hewa iliyomo tumboni inapanuka, kwenye hizo mita 2,400 inaongezeka karibu theluthi moja. Ukila maharage, kabichi na soda mbili saa moja kabla ya kuruka hiyo theluthi itatafuta njia. Mkanda utakubana wewe na harufu itambana jirani.

Afu hewa ya mle ni kavu, unyevu chini ya asilimia 20, pua inakauka na kelele za injini zinaendelea, ulimi unapoteza chumvi na sukari. Ndio maana chakula cha ndege kinaonekana hakina ladha, sio mpishi peke yake. Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer waliwahi kulifanyia shirika la ndege la Lufthansa utafiti ndani ya kipande cha ndege kilichowekwa kwenye chumba cha presha, walitaka kujua kwanini abiria wakiwa angani wanapenda sana juisi ya nyanya wakati chini wanasema inanuka udongo. Kwahiyo kama unapenda kula ili usikie ladha, kula chini.

Kilo 23
Theluthi itatafuta njia 😭😭 huu uzi ufungwe tu.

Bibi Foleni
Rubani wa Kochi sasa wewe unataka watu washibe chini halafu juu waletewe sinia la bure waliangalie? Angalieni kwanza kama ndege yenu inatoa chakula. Safari ndefu usiku wanaleta kama saa moja au moja na nusu baada ya kuruka, ukipanda umeshiba unachezea chezea tu. Za masaa mawili matatu mashirika ya bei nafuu hawatoi kitu, wanauza. Na kama unataka chakula maalum, halali, kisicho na nyama, cha mgonjwa, unaagiza kwa shirika angalau masaa 24 kabla, sio unamwambia mhudumu akishafika na kigari.

Mchumi Mkoba
Na kwa transiti ndefu mkumbuke kuuliza kwenye dawati la uhamisho, mashirika mengine wana vocha ya chakula kwa abiria wa kuunganisha wanaokaa masaa mengi, hawakutangazii. Uliza tu, kuuliza hakuna kodi.

Pia ndege ikichelewa msinunue kwa hasira kabla hamjauliza. Ukiwa unaondokea nchi za Umoja wa Ulaya kuna kanuni namba 261 ya 2004, shirika linatakiwa kukupa chakula na vinywaji kulingana na unavyosubiri, safari isiyozidi kilomita 1,500 ikichelewa masaa mawili, za katikati masaa matatu, zile ndefu manne. Mara nyingi wanatoa vocha, ila wanampa anayekwenda kuuliza, aliyelala kwenye kiti hafuatwi. Usipopewa tunza risiti udai baadaye, risiti ya chakula cha kawaida lakini, usiagize kama uko harusini ukadhani watalipa.

Mzee Launji
Nyote mnahangaika. Tafuta launji, ule ukumbi wa kupumzikia wenye chakula ndani. Sio lazima uwe daraja la biashara, siku hizi kuna zile unazolipia mlangoni, kuna kadi za benki zinakuingiza. Unakula, unakunywa, unachaji simu, choo kisafi, umemaliza.

Dada wa Sambusa
Mzee hiyo ni kweli ukiwa na masaa manne na kuendelea. Ukiwa na saa moja unalipa unakula kijiko cha wali na zeituni mbili unatoka mbio. Na saa za watu wengi wanaweka bango mlangoni wamejaa, wenye kadi wanarudishwa. Alafu launji nyingi hawaiti ndege kwa spika, mtu analala humo kwenye kochi raha mustarehe ndege inaondoka.

Mzee Launji
Weka alamu binti.

Mama Chupa
Kitu kimoja cha mwisho kwa mnaobeba chakula, kula au tupa kabla hujatua nchi nyingine. Australia na New Zealand hawana masihara, 2022 kuna abiria alitoka Bali akatua Darwin na mikate yenye soseji za ng'ombe na mayai begini, bila kuitaja kwenye fomu, faini dola 2,664 za Australia. Marekani nako matunda na nyama ni kesi, na ukiunganisha ndege ndani ya Marekani ukitokea nje mara nyingi unatoka na mizigo yako kupita forodha halafu unakaguliwa upya, kwahiyo maji uliyopewa kwenye ndege ya kwanza yanaishia hapo. Ukiwa na wasiwasi andika kwenye fomu kwamba unacho, wakikichukua watachukua chakula tu hawachukui na hela.

Kilo 23
Mkate wa dola 2,664 na hakuula hata.

Kobe Mwendapole
Mimi wangu ulikuwa ghali zaidi lakini niliula.

Mtu wa Transiti
Na mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa pesa ya kwenu au pesa ya hapo, chagua ya hapo. Ile ya kwenu wanakubadilishia kwa kiwango chao wenyewe na unakatwa juu. Wengi wanabonyeza ya kwenu kwa sababu wanaielewa.

Siti ya Katikati
MREJESHO wakuu, samahani nimechelewa, nilikuwa njiani.

Safari ya kwanza nilifanya kama Geti la Mwisho alivyosema, nikavuka kila kitu, nikaandika saa yangu ya kunyanyuka kwenye mkono kwa kalamu kabisa. Ilibaki saa moja na dakika ishirini. Nikapita ile migahawa ya kwanza baada ya diuti frii sikuiangalia machoni, nikapanda ghorofa, kweli meza tupu. Supu na mkate, nikalipa palepale nilipoletewa, yule mhudumu akadhani namfukuza. Nimekula mpaka nikabakiwa na dakika za kukaa tu, sijawahi.

Transiti ndio kulikuwa na mambo. Nikauliza vocha dawati la uhamisho kama Mchumi alivyosema, dada akaangalia tiketi akaangalia skrini akanipa bila neno. Nusu nijute kwa miaka yote ambayo sikuuliza. Ila vocha inafanya kazi migahawa minne tu na mmoja ulikuwa umefungwa, mwingine uko upande ambao nikivuka sirudi. Nikachagua uliobaki karibu na skrini, nikaagiza wali na kuku. Kijiko cha tatu geti likabadilishwa. Sio ndege kuitwa, geti kubadilishwa, kutoka namba za kumi na kitu mpaka namba za sitini. Nikamkumbuka Kobe na huruma ya msibani, nikanyanyuka.

Kobe Mwendapole
Umeacha chakula?

Siti ya Katikati
Nikaomba wanifungie, wakanipa kibox, nimekula nimesimama getini namba 64 na dakika 50 zimebaki. Kuku akiwa amepoa.

Kilo 23
Na biskuti?

Siti ya Katikati
Zilikuwemo begini kwa usalama. Zipo mpaka leo.